Mtihani Huvuja au Huvujishwa? Juu ya ulinzi wa karatasi za mitihani ya taifa

Gazeti la Kiswahili, liwe la Nairobi au la Dar es Salaam, linapotoa habari za karatasi ya mtihani iliyojulikana kabla ya saa yake, huandika kwamba mtihani «umevuja». Kitenzi hicho ni kile kile cha mtungi wenye ufa na cha paa la nyumba wakati wa masika. Hakina mtenda. Maji yamepata njia, yametoka; hakuna aliyeyatoa. Lugha inacho kitenzi kingine, «kuvujisha», kilichoundwa kwa kiambishi cha usababishi, na hicho kikitumiwa msikilizaji huuliza papo hapo: nani? Wanasheria hukihitaji kitenzi hiki cha pili, kwa kuwa mahakama haiwezi kuutia mtungi hatiani. Lakini vinywa vya watu na vichwa vya habari vimebaki na kile cha kwanza, na jambo hilo si la sarufi peke yake. Kwa miaka mingi ulinzi wa mitihani ulijengwa kana kwamba hatari ni ufa tu: bahasha isiyofungwa sawasawa, kufuli bovu, gari lisilo na askari. Yaliyotokea katika nchi za Afrika ya Mashariki yanaonyesha kwamba mara nyingi kufuli lilikuwa zima, na aliyelifungua alikuwa na ufunguo halali.

Mtihani sanifu ni kipimo, na kipimo hakifai ila kiwe kimoja kwa wote. Maswali ni yale yale, muda ni ule ule, masharti ni yale yale, kwa mtoto wa mji mkuu na kwa mtoto wa kijiji ambacho barabara yake hukatika mvua inaponyesha. Mtahiniwa aliyeliona swali saa moja mapema hakufanya mtihani ule ule na mwenzake, hata kama karatasi zao zina maneno yale yale. Kwa sababu hiyo ulinzi ni sehemu ya kipimo chenyewe, wala si kazi ya polisi iliyoongezwa juu ya kazi ya walimu. Katika Kongo hoja hii ndiyo iliyouzaa Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi huuita kwa kifupi Exetat. Ulianza 1967, ili diploma ya mwisho wa sekondari isitegemee tena sifa ya shule aliyotoka mwanafunzi, bali alama alizopata mbele ya maswali yaliyo sawa kwa nchi nzima. Penye maswali sawa kwa nchi nzima, karatasi moja iliyotoka mapema mahali pamoja huiharibu nchi nzima. Hiyo ndiyo hasara iliyomo ndani ya faida yenyewe.

Kisa cha Kenya ndicho chenye mafunzo mengi, maana kule jambo lilifika ukingoni, kisha likashughulikiwa mbele ya macho ya watu wote. Baraza la Mitihani la Kenya liliundwa 1980, na mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, ulifanywa kwa mara ya kwanza 1989. Katika mtihani wa 2015 karatasi zilisambaa kwa simu kabla ya saa zake, na zikauzwa. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Machi 2016, watahiniwa 5,101 wa KCSE walikuwa wamefutiwa matokeo yao. Sheria haikukosekana: ile ya 2012 ilikwisha kuweka kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 2, au vyote viwili, kwa mtu apataye au atoaye karatasi pasipo ruhusa. Kilichokosekana ni njia ya kumjua mtu huyo. Karatasi zilikuwa zikilala katika vituo vya polisi, zikipita mikononi mwa wengi, na kila mkono ungeweza kusema kwamba bahasha ilifika kwake ikiwa imeguswa.

Mwezi huo huo wa Machi 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alilivunja baraza la wakurugenzi wa chombo hicho, na Profesa George Magoha akawekwa kuwa mwenyekiti mpya. Mabadiliko yaliyofuata yanastahili kutazamwa kwa makini, kwani mengi yake hayakuhusu ugumu wa kufuli bali hesabu ya watu. Karatasi ziliwekwa katika makontena ya chuma, yakalindwa na askari usiku na mchana. Kila kontena lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa kwa naibu kamishna, mtu wa utawala, na wa pili kwa mkurugenzi wa elimu wa eneo hilo. Hakuna awezaye kufungua peke yake. Mkuu wa shule, ambaye zamani aliweza kusema kwamba mtihani ulimpita pembeni, alifanywa kuwa meneja wa kituo cha mtihani: ni yeye aendaye alfajiri kuchukua karatasi kwa saini yake, na ni yeye azirudishaye. Mtu mwenye jina, saa yenye jina, saini yenye jina. Kwa lugha ya sarufi, kitenzi kilirudishiwa mtenda wake.

Yalikuwako pia makatazo yaliyowashangaza wazazi. Katika muhula wa tatu wa 2016 ziara za wazazi shuleni zilipigwa marufuku, na siku za maombi pia. Wengi waliona kwamba serikali imeingilia ibada. Lakini siku ya maombi ya watahiniwa ilikuwa ndiyo siku ambayo watu wa nje huingia shuleni kwa wingi, wakikutana na watoto na walimu faraghani, wiki chache kabla ya mtihani. Aliyetaka kupeleka karatasi, au simu, au fedha, hakuhitaji kuvunja ukuta. Alihitaji kuvaa nguo nzuri na kushika kitabu cha dini. Katazo hilo liliumiza walio wema pamoja na wabaya, na ni haki kulihesabu kuwa gharama.

Matokeo ya mwaka huo yalitangazwa tarehe 29 Desemba 2016, mapema kuliko ilivyozoeleka. Waliopata alama ya A walikuwa 141. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Waliopata C+ na zaidi, yaani kiwango cha kuingilia chuo kikuu, walishuka kutoka zaidi ya 165,000 hadi karibu 89,000. Haitakuwa sahihi kusema kwamba tofauti yote hiyo ni wizi uliozuiwa. Kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu namna alama zilivyosawazishwa mwaka ule na miaka ya nyuma. Hata hivyo, mwaka uliofuata waliopata A walikuwa 142. Namba mbili zilizokaribiana hivyo, baada ya maelfu, haziwezi kuachwa bila kufikiriwa. Na nyuma ya maelfu hayo ya zamani wako vijana wasiohesabika popote, waliojibu kwa akili zao wenyewe, wakapata B ya kweli, na nafasi yao katika kitivo cha udaktari au cha sheria ikachukuliwa na A iliyonunuliwa.

Makontena yalipokwisha kuziba njia ya usiku, hatari ilihamia katika muda mfupi wa asubuhi. Mtihani wa KCSE huwa na karatasi ya asubuhi, ianzayo saa mbili, na mara nyingi karatasi ya mchana, ianzayo saa nane. Hapo kwanza mkuu wa shule alizichukua zote mbili kwa safari moja alfajiri. Basi karatasi ya mchana ilikaa shuleni saa sita au saba. Kinachohitajika ili kuipiga picha ni dakika moja, na kuituma ni sekunde chache. Watu wa baraza la mitihani wana jina lao la jambo hili, ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa «kufunuliwa mapema»: karatasi haikuibiwa, haikupotea, ilifunguliwa kabla ya saa yake na mtu aliyekabidhiwa. Dawa iliyoanza kutumiwa 2023 ni nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: safari mbili badala ya moja. Karatasi ya mchana hubaki kontenani hadi adhuhuri. Kwa shule iliyo karibu na kontena hiyo ni nusu saa. Kwa shule za kaskazini ya nchi, au penye mito iliyofurika, ni kazi ya siku nzima, na katika mvua za El Niño za mwaka huo huo helikopta zilitumika kufikisha karatasi mahali ambapo magari hayakupita. Tangu 2024 zimejaribiwa pia kufuli za kielektroniki, ambazo huandika saa ya kufunguliwa kwake.

Jambo moja husahauliwa mara kwa mara na wale wanaofikiria ulinzi kwa chuma na askari tu. Hatari hutegemea aina ya swali. Kiswahili katika KCSE kina karatasi tatu: ya Insha, ya Lugha, na ya Fasihi. Karatasi ya Lugha ina kifungu cha ufahamu na cha ufupisho, sarufi na isimujamii. Anayetaka kuivujisha hana budi kupiga picha kurasa zake, maana hakuna awezaye kukariri kifungu kizima kwa kutazama mara moja. Karatasi ya Insha ni kinyume chake. Swali la insha laweza kuwa methali moja tu. Methali ni maneno matano au sita, na ni maneno ambayo kila mswahili amekwisha kuyajua moyoni tangu utotoni; mtu akiyaona kwa kupepesa jicho hayasahau, na aweza kuyatamka sokoni bila mtu wa pembeni kushuku chochote. Simu haihitajiki. Karatasi fupi kuliko zote ndiyo ngumu kuliko zote kulinda, na mwanafunzi aliyetajiwa methali jioni huja asubuhi na insha iliyotungwa na mwalimu wake, yenye takriri na tashbihi zilizopangwa, akaimwaga kama shairi la kukariri.

Maswali ya kuchagua yana udhaifu wa namna nyingine. Hapo si lazima swali livuje, yatosha majibu. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wa Kenya, KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, ulikuwa na maswali 50 ya lugha ya Kiswahili, kila moja likiwa na majibu manne. Majibu yote ni herufi 50, A hadi D. Herufi 50 huenea katika kiganja cha mkono, au ndani ya kofia ya kalamu, au katika ujumbe mmoja wa simu. Kongo, ambako Mtihani wa Serikali katika kikao chake cha kawaida cha siku nne hutumia maswali ya kuchagua, wataalamu walijibu udhaifu huu kwa kutunga maswali katika mafungu mbalimbali, yaitwayo «séries»: jirani wa mtahiniwa hana karatasi ya fungu lake, na herufi za mmoja hazimfai mwingine. Na insha ya Kifaransa, iitwayo «dissertation», ilitengwa ikawekwa katika kikao cha awali, wiki kadhaa kabla. Mpango huo ni wa busara. Hauzuii kila kitu, kwani anayeyajua majibu ya kila fungu bado ana bidhaa ya kuuza. Lakini huufanya wizi kuwa kazi ndefu, na kazi ndefu huacha nyayo.

Ndani ya chumba chenyewe kanuni ni za zamani na hazina la kushangaza. Watahiniwa wa KCSE hukaa wakiachana mita 1.22, msimamizi mmoja kwa watahiniwa 20, wasimamizi hutoka shule nyingine, simu haziingii. Kinachovutia zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni msamiati ambao watahiniwa wenyewe wamejitungia. Nchini Kenya kijikaratasi kilichofichwa chenye majibu huitwa «mwakenya». Neno hilo lilikuwa jina la chama cha siri kilichopinga serikali katika miaka ya 1980, ambacho vipeperushi vyake vilipita mkono kwa mkono, na kukutwa na kimoja kulikuwa kufungwa. Wanafunzi walilichukua jina la karatasi ya hatari, wakalipa kazi nyingine. Tanzania husemwa «kudesa», na anayechungulia kwa jirani «anapiga chabo». Kongo neno limekopwa kutoka Kifaransa: «tuyau», bomba. Tofauti na kuvuja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtungi huvuja kwa bahati mbaya, na maji humwagikia yeyote. Bomba hulazwa na fundi, lina mwanzo na mwisho, na mwishoni pake yuko mtu aliyelipia. Mwanafunzi wa Lubumbashi asemaye kwamba rafiki yake ana «tuyau» amekwisha kusema, pengine bila kukusudia, kwamba kuna mtu upande wa pili.

Yote yaliyotangulia ni kinga. Ikishindikana, kunabaki kuchunguza karatasi zilizokwisha kuandikwa, na hapa isimu ina neno la kusema. Ushahidi mkubwa wa kunakili si majibu sahihi yaliyofanana. Wanafunzi wawili hodari watafanana katika majibu sahihi, na hakuna ajabu. Ushahidi ni makosa yaliyofanana. Swali lenye majibu manne lina majibu matatu ya makosa. Watu wawili waliokosa swali hilo, kama kila mmoja alibahatisha, watalingana katika kosa mara moja katika tatu. Wakikosa maswali kumi yale yale na kulingana katika makosa yote kumi, uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati ni mmoja katika 59,049. Kwa njia iliyo karibu na hii Brian Jacob na Steven Levitt walichunguza majibu ya shule za msingi za Chicago, na katika utafiti waliouchapisha 2003 walikadiria kwamba udanganyifu mkubwa wa walimu au wakuu ulitokea kila mwaka katika asilimia 4 hadi 5, kwa uchache, ya madarasa. Walitafuta mafungu ya majibu yaliyofanana mno kwa watoto wengi, na alama zilizopanda ghafla mwaka mmoja zikaanguka mwaka uliofuata.

Lakini hesabu ya moja katika tatu ina sharti ambalo mtu wa takwimu aweza kulipita na mtu wa lugha hana ruhusa ya kulipita: inadhani kwamba makosa yote matatu yana mvuto sawa. Katika lugha sivyo. Swali la upatanisho wa ngeli likimpa mtahiniwa «kitabu changu», «kitabu yangu», «kitabu langu» na «kitabu wangu», mtoto aliyekulia Nairobi akikosa hatabahatisha. Atachagua «kitabu yangu», maana ndivyo mtaa wake wote husema. Mtoto wa Lubumbashi angefanya vivyo hivyo, naye ana sarufi yake kamili ya Kiswahili cha mjini, ambayo ina «bitabu» pahali pa «vitabu» na ina kanuni zake. Darasa zima la watoto arobaini laweza kulingana katika kosa hilo bila mmoja kumtazama mwenziwe. Na kama mwalimu wao alifundisha kanuni fulani vibaya, watalingana katika kosa la mwalimu pia, tena katika maswali kadhaa. Mashine inayohesabu mfanano itawataja wote.

Kwa hiyo kila kosa lapaswa kupimwa uzito kabla ya kuhesabiwa. Kosa ambalo lahaja ya mahali hulizaa lenyewe lina uzito mdogo. Kosa ambalo halina asili katika lahaja, wala katika lugha ya mama, wala katika mazoea ya tahajia, kama vile wingi wa nomino ambao hakuna msemaji yeyote autumiao, likionekana katika karatasi kumi na mbili za kituo kimoja, hilo limenakiliwa. Katika insha uchunguzi huu huwa mwepesi zaidi: sentensi yenye jina la mtu wa kubuni lililokosewa herufi ile ile, aya iliyorukwa mahali pale pale, methali iliyokatwa nusu kwa namna moja. Mtahini mzoefu huzinusa hizo akiwa mezani, ila kunusa si ushahidi. Inahitajika maelezo ya maandishi yanayotofautisha kosa la kimazingira na kosa la kunakili, na maelezo hayo hayawezi kutolewa na mtu asiyekijua Kiswahili cha mtaa wa mtoto anayeshukiwa.

Haja ya maelezo hayo inaonekana katika adhabu. Desturi iliyozoeleka ni kufuta matokeo ya kituo kizima, au ya somo zima katika kituo, na mtoto aliyejibu peke yake hufutiwa pamoja na aliyenunua. Tanzania 2018 ilichagua njia nyingine. Mtihani wa darasa la saba wa mwezi wa Septemba ulipobainika kuwa umeharibiwa katika wilaya nzima ya Chemba, mkoani Dodoma, na katika baadhi ya shule za Dar es Salaam na kwingineko, Baraza la Mitihani liliyafuta matokeo, kisha likaamuru watoto wa mahali hapo waufanye upya tarehe 8 Oktoba, kwa maswali mapya. Wakubwa walishughulikiwa kwa njia yao, watoto wakarudishiwa kipimo. Kutunga seti ya pili ya maswali yenye ugumu ulio sawa na wa kwanza, kuichapa na kuilinda katika muda wa siku chache, si jambo rahisi, na ndiyo maana mabaraza mengi hulikwepa. Seti ya akiba lazima iwe imekwisha kutungwa na kufungiwa kabla ya mtihani wa kwanza kuanza, na gharama yake ilipwe kila mwaka, hata katika miaka ambayo haitafunguliwa.